Exodus International ilifungwa na viongozi wake wenyewe. Sisi tunahubiri mabadiliko ya mashoga kwa msingi gani?

#1 Mzee wa Moshono
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni Mkristo, nimelelewa KKKT, na ninaamini ndoa ni ya mume na mke. Sijaleta mada hii ili mtu yeyote abadili msimamo huo. Kuna jambo linanikera muda mrefu.

Exodus International ulikuwa mwavuli mkubwa kuliko yote wa huduma za Kikristo zilizowaambia wenye mvuto wa jinsia moja kwamba wakimfuata Yesu wanaweza kubadilika. Ulianzia California miaka ya sabini, chini yake zikawa huduma nyingi, za Marekani na za nje. Juni 2013 rais wake, Alan Chambers, akaomba radhi hadharani, na bodi ikaamua kufunga shughuli. Mwaka uliotangulia alishasema kwamba katika watu aliokutana nao, asilimia 99.9 mvuto wao haukubadilika. Hayo ni maneno ya mkuu wa huduma, wala si ya adui wa kanisa.

Huku kwetu kila semina ya vijana utasikia "huko Marekani wapo waliobadilika kabisa, kuna huduma kubwa kabisa ya watu hao". Huduma ipi? Naomba tujadili kwa nini ile ilikwama, na hawa wahubiri wetu wanasimama juu ya nini.

#2 Kijana wa Upanga
Nimevuta kiti. Mtumishi wa Kimara akiuona huu uzi tutafika kurasa kumi.

#3 Mtumishi wa Kimara
Nimeuona. Bwana asifiwe.

Mleta mada, jibu liko 1 Wakorintho 6:11, "Na baadhi yenu mlikuwa watu wa namna hii; lakini mlioshwa, lakini mlitakaswa." Mlikuwa. Kanisa la Korintho lilikuwa nao na walitoka huko. Kwa hiyo anayesema haiwezekani anabishana na Paulo, habishani na mimi.

Exodus walikwama kwa sababu waliacha madhabahu wakakimbilia saikolojia. Walikuwa wanawafundisha watu kwamba shida ni baba aliyekuwa mbali na mama aliyekuwa karibu mno, basi mwanamume akajifunze kucheza mpira na kutengeneza gari, atapona. Hiyo si injili. Yesu alisema namna hii haitoki isipokuwa kwa kuomba. Na huyo Chambers unayemnukuu kila mtu anajua alikimbia mkewe akaenda kuishi na mwanamume. Shahidi gani huyo?

#4 Fundi Redio
Mtumishi, hapo umechanganya watu wawili. Chambers alikuwa na mkewe Leslie wakati anaifunga Exodus, na alisema wazi kwamba mvuto kwa wanaume anao bado ila kwa mkewe haondoki.

Unayemfikiria ni John Paulk. Huyu alikuwa mwenyekiti wa bodi ya Exodus na mwajiriwa wa Focus on the Family, shirika la Kikristo la mambo ya familia, ndiye aliyekuwa akiendesha makongamano yao ya kuhubiri mabadiliko ya mashoga, Love Won Out, kuanzia 1998. Mwaka huohuo yeye na mkewe Anne, aliyekuwa msagaji zamani, walitokea kwenye jalada la jarida la Newsweek. Mwaka 2000 akapigwa picha akitoka baa ya mashoga Washington. Akajitetea kwamba aliingia kujisaidia tu. Mwaka 2013 akaomba radhi kwa kila alichofundisha, na ndoa ikaisha. Anne hakumfuata. Yeye alikuja kuongoza Restored Hope Network, mtandao ulioundwa 2012 na waliojitenga na Exodus kwa kuona Chambers amelegea.

Kwa hiyo hata ndani ya nyumba moja majibu ni mawili.

#5 Mtumishi wa Kimara
Sawa, basi ni Paulk. Hoja yangu iko palepale, walitumia njia za kibinadamu.

#6 Nesi Tabata
Mimi nipo upande wa afya, naomba niongeze. Utafiti mkubwa wa vinasaba ulitoka 2019 kwenye jarida la Science, uliangalia takwimu za watu karibu 500,000. Haukukuta kinasaba kimoja cha ushoga. Ulikuta vingi, kila kimoja na mchango mdogo sana. Kwa hiyo anayesema "amezaliwa hivyo, imeisha" anarahisisha, na anayesema "amejifunza mtaani" naye anarahisisha.

Ila kwamba kitu hakitokani na kinasaba kimoja haina maana unaweza kukibadili utakavyo. Lugha yako ya kwanza hukuzaliwa nayo, na bado huwezi kuifuta kichwani kwa kufunga na kuomba. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilikagua tafiti zilizokuwepo, kikatoa ripoti 2009 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa juhudi hizi zinabadili mvuto, na wapo walioumia. Chama hichohicho ndicho kilichoondoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa 1973.

#7 Wa Kangemi
Na hiyo ya 1973 ilikuwa siasa tupu, wanaharakati walivamia mikutano yao wakapiga kelele hadi madaktari wakapiga kura. Ugonjwa unapigiwa kura lini? Tena daktari mwenyewe aliyeongoza kuuondoa, Robert Spitzer, baadaye alifanya utafiti akasema watu wanabadilika. Mbona hamumtaji?

#8 Msomaji wa Magazeti
Tumtaje basi, na tumtaje mpaka mwisho.

Kwanza Nesi, vyama ni viwili. Ripoti ya 2009 ni ya wanasaikolojia. Uamuzi wa 1973 ni wa madaktari wa akili. Wa Kangemi, ni kweli palikuwa na shinikizo, na ni kweli kura ilipigwa, lakini bodi iliamua kwanza Desemba 1973 na kura ya wanachama ikafuata 1974 kwa sababu waliopinga ndio walioidai. Asilimia 58 wakaunga mkono bodi.

Spitzer aliwahoji watu 200 kwa simu, wengi wakiwa wameelekezwa kwake na huduma hizihizi, akachapisha 2003. Makanisa yalishangilia. Mwaka 2012, akiwa mzee na mgonjwa wa Parkinson, aliandika barua kwenye jarida lilelile akaomba radhi, akasema hakuwa na njia ya kujua kama waliohojiwa walikuwa wanasema kweli au wanajidanganya wenyewe. Nusu ya kwanza ya habari hii imefika Afrika Mashariki. Nusu ya pili imebaki uwanja wa ndege.

#9 Kijana wa Upanga
😂😂 Imekosa viza.

#10 Mwalimu Tosha
Msiegemee upande mmoja. Kuna utafiti wa Stanton Jones na Mark Yarhouse, wasomi wa Kikristo, waliofuatilia watu wa Exodus miaka sita hadi saba. Walianza na 98. Kati ya 61 walioweza kupangwa mwishoni, asilimia 23 walisema mvuto wao umebadilika vya kutosha, asilimia 30 walisema mvuto umepungua na wanaishi kwa kujizuia, asilimia 20 waliacha juhudi wakajitambulisha kama mashoga. Waliobaki wako katikati.

Kwa hiyo "hakuna hata mmoja" si kweli. "Ukiomba utabadilika" nayo si kweli. Na hao asilimia 23, watafiti wenyewe walisema wengi bado walikuwa na vishawishi.

#11 Fundi Redio
Mwalimu, wale 37 waliotoweka kati ya 98 wako wapi? Kwa kawaida anayeona haifanyi kazi ndiye anayeacha kupokea simu.

#12 Mwalimu Tosha
Huenda. Au amepona na hataki tena kuulizwa. Hatujui, ndiyo maana sikuwahesabu upande wowote.

#13 Mbeba Boksi
Salamu kutoka Texas. Ninasali kwenye kanisa la Wakongomani na Warundi wanaozungumza Kiswahili, jengo tunakodi kwa Wabaptisti.

Mnajadili Marekani ya 1998. Wahafidhina wa hapa wengi wameshahama. Oktoba 2014 Wabaptisti wa Kusini walifanya mkutano mkubwa Nashville kuhusu jambo hili. Russell Moore, mkuu wa ofisi yao ya maadili wakati huo, alisema tiba ya kubadili mashoga inarudisha nyuma badala ya kusaidia, na Albert Mohler, mkuu wa seminari yao, ambaye hakuna anayeweza kumwita mlegevu, alisema alikosea zamani kukataa kwamba kuna kitu kinaitwa mwelekeo wa kimapenzi. Hawakuhalalisha ndoa za jinsia moja hata kidogo. Rosaria Butterfield, aliyekuwa profesa na msagaji kabla ya kuokoka na kuolewa na mchungaji, aliwahi kuipinga tiba hiyo kwa ukali akisema ni ndugu wa injili ya mafanikio, maana inamwahidi mtu kwamba akiamini sawasawa Mungu *lazima* amwondolee jambo fulani.

Hiyo hoja ilinikaa. Sisi tuliotoka huko tunaijua injili ya mafanikio vizuri. Mgonjwa asipopona anaambiwa imani yake haba. Kijana mvuto usipoondoka anaambiwa vilevile. Kosa ni la ahadi, ila anayebeba aibu ni mgonjwa.

#14 Mtumishi wa Kimara
Mbeba Boksi, kwa hiyo Mungu hawezi?

#15 Mbeba Boksi
Anaweza. Kuweza na kuahidi ni mambo mawili. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, akajibiwa "Neema yangu yakutosha". Unataka kuniambia imani ya Paulo ilikuwa haba?

#16 Bint Kaloleni
Huwa nasoma tu, leo naandika.

Mnazungumza kuhusu wanaume waliobadilika na wasiobadilika. Kwenye kila ndoa ya ushuhuda kuna mke. Mimi ni mmoja wao. Niliolewa na kijana mpole, mcha Mungu, mpiga kinanda wa kwaya. Harusi ilifanyika haraka na kanisa lilichangia kwa namna ambayo sikuwahi kuona, mpaka shela nililetewa na mama mchungaji. Nikaona ni upendo.

Wazee walijua. Mchungaji alijua. Alikuwa ameungama kwao, wakamfungia maombi, wakasema amefunguliwa, na ndoa ndiyo ingetia muhuri. Mimi nilikuwa muhuri. Hakuna aliyeniambia.

Hakuwahi kunipiga, hakuwahi kunitukana. Alikuwa anakaa sebuleni na kinanda amekizima sauti, anabonyeza tu, tok tok tok, mpaka nisinzie ndipo aingie kulala. Nilidhani mimi ndiye mbaya. Nilijipaka, nilijikondesha, nilifunga. Nilikwenda kuombewa roho ya kukataliwa kwa mchungaji yuleyule aliyejua, na akaniwekea mikono.

Sina chuki na aliyekuwa mume wangu, alikuwa anazama na yeye. Waliotuchora kwenye mpango wao ndio nisioweza kuwaelewa hadi leo.

#17 Nesi Tabata
Pole sana dada.

#18 Mzee wa Moshono
Pole, dada yangu. Naomba wachungaji wasomao hapa wasipite hiyo namba 16 haraka. Kabla ya kufungisha ndoa tunadai cheti cha ubatizo na majibu ya damu, halafu jambo kama hili linafichwa makusudi.

#19 Wa Kangemi
Pole dada. Lakini hapo tatizo ni uongo wa wazee, siyo imani kwamba mtu anaweza kutoka kwenye dhambi. Mlevi pia akiozeshwa kwa siri ni makosa, na bado walevi huacha pombe.

#20 Bint Kaloleni
Wa Kangemi, mlevi akiacha pombe hakuna anayemwambia apende soda kama alivyopenda pombe. Hapa walitaka apende.

#21 Mkatoliki wa Songea
Tumsifu Yesu Kristo. Kanisa Katoliki halijawahi kuahidi kwamba mvuto utaondoka. Katekisimu 2357 hadi 2359 inasema matendo hayo ni kinyume cha sheria ya maumbile, lakini watu wenyewe wapokelewe kwa heshima na huruma, na wito wao ni usafi wa moyo. Kuna chama kinaitwa Courage, kilianzia New York 1980 chini ya Kardinali Terence Cooke na Padre John Harvey, kinasaidiana kuishi hivyo. Lengo lake halikuwekwa kuwa ndoa.

#22 Kijana wa Upanga
Mkatoliki, tupe na ile baraka ya Desemba 2023 basi, umeruka.

#23 Mkatoliki wa Songea
Fiducia Supplicans, tamko la Vatikani, ilitoka 18 Desemba 2023, ikaruhusu baraka fupi isiyo ya liturujia kwa wapenzi wa jinsia moja. Januari 2024 maaskofu wa Afrika kupitia Kardinali Ambongo wa Kinshasa walisema haitafanyika kwao. Roma wakaelewa. Hiyo ni mada nyingine, fungua uzi wako.

#24 Kijana wa Upanga
Waanglikana nao walianza na Lambeth 1998, mkutano wa maaskofu wao wa dunia nzima, wakaja GAFCON, mkutano wa wahafidhina wao, Yerusalemu 2008, Nairobi 2013, Kigali 2023. Kila mkutano ni kuhusu haohao watu ambao hawakaribishwi kusema.

#25 Mkazi wa Ntinda
Mmeizunguka dunia mkairuka Kampala, wakati mwaka 2009 ndipo haya mambo yalipotufikia kwa mlango wa mbele.

Machi 2009 palifanyika semina ya siku tatu hapa. Waliohutubia walikuwa Wamarekani watatu, Scott Lively, Caleb Lee Brundidge na Don Schmierer. Huyo Schmierer alikuwa mjumbe wa bodi ya Exodus. Walifundisha kwamba mashoga wanaweza kufanywa wasiwe mashoga, na Lively alifundisha kwamba kuna harakati ya kuharibu familia na kuwanasa vijana. Oktoba mwaka huohuo mbunge David Bahati akapeleka muswada wenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Novemba Exodus wakamwandikia Rais Museveni kuupinga, na Schmierer akawa analalamika kwamba alitumiwa. Barua ilifika baada ya moto.

Angalieni wasikilizaji walivyoichukua ile hoja. Marekani "anaweza kubadilika" ilikuwa neno la kumvuta mtu aje kanisani. Hapa ikageuka kuwa "kama anaweza kubadilika na habadiliki, basi amekataa makusudi, afungwe". Sheria ya 2014 ikafutwa na mahakama Agosti mwaka huo kwa sababu akidi haikutimia bungeni. Ya 2023 ipo, ina kifungo cha maisha, ina kifo kwa makosa wanayoyaita makubwa, na ina kifungu kinachomruhusu hakimu kuagiza mtu aliyehukumiwa apewe huduma za kumrekebisha. Kurekebishwa kwa njia ipi, ikiwa waliotuletea njia wameifunga?

#26 Wa Kangemi
Mkazi, usituchukulie kama watoto wasiojua kufikiri bila Mzungu. Bibi yangu hakuwahi kusikia Exodus na alikuwa na msimamo wake.

#27 Mkazi wa Ntinda
Bibi yako alikuwa na msimamo, sikatai. Hakuwa na muswada wala semina ya siku tatu. Na kifungu cha sheria dhidi ya ushoga tulichokuwa nacho kabla ya hapo, kama 162 cha kwenu Kenya na 154 cha Tanzania, kiliandikwa na Mwingereza. Kwa hiyo Mzungu yumo pande zote.

#28 Sina Jina Leo
Nimefungua akaunti mpya kwa ajili ya hapa, msinitafute.

Mimi ni mlokole. Nina mvuto huo tangu nilipoanza kujitambua, sikufundishwa na mtu, sikuharibiwa na mtu. Baba yangu alikuwa karibu nami kuliko ndugu zangu wote, kwa hiyo ile nadharia ya namba 3 kwangu haikai.

Nimeombewa mara nyingi. Mara moja walinikalisha kwenye kiti cha plastiki katikati ya duara, wakanimiminia mafuta yakaingia machoni, wakawa wanasema "toka!" karibu kabisa na sikio. Nilianguka. Niwaambie ukweli, nilianguka kwa sababu nilichoka na nilijua nisipoanguka hawataacha. Wakashangilia. Mama mmoja wa maombi akanifuta uso na kanga yake, akanipa maji, akaniuliza kama nimekula. Huyo mama ndiye ninayemkumbuka.

Sina uhusiano na mtu. Nimechagua kuishi peke yangu kwa sababu ya imani yangu, hakuna aliyenilazimisha, na Mathayo 19:12, ya wanaoishi bila ndoa kwa ajili ya ufalme wa mbinguni, inanitosha. Lakini siwezi kulisema hili kanisani kwangu. Kule kuna nafasi mbili tu, umefunguliwa au umepotea. Mimi si yeyote kati yao. Mbeba Boksi, hao Wabaptisti wako wa Nashville wana nafasi ya tatu?

#29 Mbeba Boksi
Kwenye maandishi wanayo. Kwenye viti vya Jumapili inategemea mchungaji. Kanisa letu la Kiswahili bado lina zile mbili. Nipo, ukitaka kuongea nitumie ujumbe.

#30 Mtumishi wa Kimara
Sina Jina, mdogo wangu, nimekusoma. Waliokumwagia mafuta machoni hawakufanya sawa. Kujizuia kwako ni ushindi, usikubali mtu akuambie vingine. Ila mimi bado naamini Mungu anaweza kukufikisha mbali zaidi, na sitaacha kuliamini hilo kwa sababu ya Exodus. Huku kwetu yupo kijana alifunguliwa kabisa, ana mchumba, anatoa ushuhuda.

#31 Bint Kaloleni
Mchumba ameambiwa?

#32 Mtumishi wa Kimara
Anajua alitoka kwenye maisha ya dhambi.

#33 Bint Kaloleni
Hilo hata mimi niliambiwa. Nimeuliza kama ameambiwa.

#34 Fundi Redio
Mtumishi, amefunguliwa tangu lini? Paulk alimwoa Anne 1992, wakapanda majukwaa miaka yote ile, wakazaa watoto watatu, na 2013 ikawa ilivyokuwa. Huyu wenu amefuatiliwa muda gani?

#35 Mtumishi wa Kimara
Tangu mkesha wa mwaka mpya. Tangazo la ushuhuda limeshatoka, ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao. Nitazungumza na mchungaji kuhusu mchumba.

#36 Mzee wa Moshono
Zungumza naye wiki hii, Mtumishi, kabla ya huo ushuhuda. Na utuletee hapa alichojibu.